Pakiti Ndani ya Kopo la Vifungo

Shangazi wa gazetini, nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani, nisaidie kabla Jumatano haijafika, maana mimi ni mtu mzima, nimefundisha ushonaji miaka thelathini na wanafunzi wangu walikuwa wakinisikia tu nakohoa wanakaa sawa, na leo namwogopa mke wa mwanangu, tena yeye hajanikosea kitu.

Huyu binti ni fundi cherehani, anashona sare za shule pale sebuleni, nami nilikuja kumsaidia alipokaribia kujifungua. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu mimba ya miezi minane, akajifungua salama lakini maziwa hayakutoka hata tone, akawa anachoka, anajifunika shuka wenzake wakijipepea, anagonga bega mlangoni, na akikata kitambaa mkasi unapita nje ya mstari wa chaki, nami badala ya kuuliza nikasema wanawake wa siku hizi wakizaa mtoto mmoja wanajiona wamebeba dunia, na nilisema kwa sauti, Shangazi, ili asikie.

Aliyeshtuka ni mpima macho, alipokwenda kutafuta miwani. Alimwambia amtazame puani, kisha akachezesha vidole pembeni, kulia haoni, kushoto haoni. Akapelekwa hospitali kubwa, wakamtoa damu asubuhi mapema, wakamwingiza kwenye mashine ya MRI, tukaambiwa kuna tezi chini ya ubongo, ndogo kama njegere, inaitwa pituitari, ndiyo inayoamrisha maziwa na nguvu na mambo mengi ya mwili, na yake imevimba mpaka inabana mishipa ya macho. Tukadhani ni saratani, nikalia. Daktari akasema kwa kuwa ilianza kwenye ujauzito, anavyoona yeye ni kinga ya mwili wake mwenyewe iliyoigeukia tezi na kuishambulia, ila hawezi kuapa bila kuchukua kinyama akipime, kwa hiyo aanze na vidonge vya kuituliza hiyo kinga, tezi ikisinyaa jibu litakuwa limepatikana.

Basi vidonge vikamvimbisha uso, halafu nikasikia eti haviachwi ghafla, nikajiambia kitu usichoweza kukiacha si dawa, ni ulevi, nikachukua pakiti moja kati ya mbili nikaificha kwenye kopo langu la vifungo. Nilidhani namwokoa, naapa. Yeye akadhani ameipoteza mwenyewe, maana ugonjwa umemfanya msahaulifu, akaona aibu kumwambia mumewe, na mimi kwa macho yangu nimemwona akikata kidonge nusu kwa mkasi wa kitambaa ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Kwa daktari akasema anameza vyote. Picha ya pili tezi iko vilevile, na daktari anasema labda alikosea tangu mwanzo, Jumatano alazwe, wapite puani wakachukue hicho kinyama.

Je, niirudishe pakiti kimyakimya nyuma ya cherehani aiokote mwenyewe, au niseme nifukuzwe kwa mwanangu, nimwache mjukuu ambaye chupa zake zote nampa mimi?

Bibi wa Kopo

JIBU

Shikamoo, bibi. Heshima nimeshatoa, sasa tuambiane ukweli.

Wasomaji wengine wanaisoma barua hii leo Jumanne, lakini wewe nilikupigia simu jana, maana uliandika namba chini na mambo mengine hayasubiri gazeti. Nilikuambia pakiti itoke koponi sasa hivi. Daktari apigiwe aseme mkweo ameze kiasi gani, asijipimie mwenyewe kufidia vya nyuma. Akitapika, akizimia au akilegea, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu mtu aliyezoeshwa vidonge hivi akipunguziwa ghafla anaweza kufa. Ukajibu, "Nimekuelewa, mwanangu."

Nusu saa baadaye ukanipigia kwa furaha. Vidonge amevipata! Umemwambia umeviona nyuma ya cherehani.

Bibi! Mwanafunzi wako angekuletea gauni lenye tundu lililofunikwa kwa kiraka, ungempa maksi? Ungelifumua mbele ya darasa zima.

Nakuhurumia. Uliogopa dawa usiyoielewa, na si wewe wa kwanza. Lakini ulikuwa na mdomo wa kumsema mwenzio mvivu, ukaukosa wa kumuuliza daktari swali moja. Angekujibu kwamba kuna tezi zikiumia mtu humeza dawa miaka mingi, pengine maisha, na huo si ulevi. Mbona miwani yako unaivaa kila siku na hatukuiti mlevi?

Daktari hana dirisha la kuchungulia kichwani mwa mkweo. Ana picha, ana damu, na ana maneno ya mgonjwa. Vidonge vile vilikuwa tiba na kipimo kwa pamoja, na wewe ni kama umempa fundi futi iliyokatwa, sasa daktari anadhani amekosea kupima. Huenda kinyama kile bado kitahitajika, hilo ni la daktari. Lakini aamue akijua kuwa mgonjwa wake alimeza nusu.

Mwanao atakasirika, na ana haki. Ukiambiwa urudi kwako, rudi, halafu piga simu kila siku uulize mtoto ameamkaje. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Leo hii akiinuka kwenye cherehani, mkalishe umwambie. Hiyo ya "nimeviona" ifute kwa mdomo wako. Kesho usibaki kwenye benchi la nje. Ingia naye mpaka kwa daktari, pakiti mkononi, utaje siku uliyoichukua.

Na uanze wewe kusema. Ninavyomsoma huyo binti, ukimwachia aanze yeye, hata baada ya kujua yote atasema aliipoteza mwenyewe, ili akusitiri.