Mgongo wa Mama Kwenye Bahasha

Mkuyuni,
Mwanza.
14 Agosti 1993.

Mpendwa mdogo wangu Jovinary,

Pokea salamu nyingi. Hujambo huko Gaborone? Wanafunzi wako wanakusikiliza? Baridi imepungua? Sisi ni wazima, ila goti langu linanisumbua kwa kukanyaga cherehani kutwa nzima.

Mama alikuja kwa meli kutoka Bukoba, akakaa nasi wiki mbili. Nilimpiga picha kila siku kwa ile kamera uliyotutumia, maana uliandika kwamba ni miaka sita sasa na sura yake inaanza kukupotea. Nilimshonea gauni jipya. Siku moja hata alicheka, na unamjua Mama na kamera!

Sasa nisikilize, na usikasirike. Hukuandika kamera inatunzwaje. Mimi cherehani yangu naifungua kila jioni, nafuta vumbi, natia tone la mafuta. Ndalahwa, fundi redio jirani yetu, naye akasema kwa kujiamini kabisa kwamba kamera isiyofutwa ndani huota ukungu. Basi kila jioni nikawa naifungua mgongoni, napangusa mkanda kwa kitambaa laini, nafunga. Mafuta sikutia, namshukuru Mungu.

Nilipopeleka mkanda studio kusafisha picha, mwenye studio aliniuliza nani aliufungua kwenye mwanga. Picha zimeungua. Nililia palepale dukani, mtu mzima mimi. Ndalahwa siku hizi anapita njia ya nyuma.

Imepona moja tu, ya siku ya mwisho, kwa kuwa jioni ile nilichoka, sikuifungua kamera. Mama anapanda meli kurudi nyumbani. Unaonekana mgongo wake na kitenge cha bluu, basi.

Nilimwandikia arudi tumpige nyingine. Amekataa katakata. Amemwandikisha binamu yetu Kokuberwa jibu: "Mpelekee huo mgongo. Uso ninao huku, aje auangalie mwenyewe."

Picha hiyo nimeiweka humu. Nisamehe, mdogo wangu, iliniuma sana.

Shemeji yako Revocatus anakusalimu, na binti yetu Teodora anakuamkia, shikamoo mjomba. Mungu akulinde ugenini, akukumbushe na njia ya nyumbani.

Kamera nimeifunga kwenye kanga, iko juu ya kabati. Siifungui wala siifuti. Inakungoja wewe, na Mama vilevile.

Dada yako akupendaye hata ukininunia,
Specioza