Gari la Mahari

Jumatatu, 4 Novemba

Kola za shati tangu asubuhi. Sindano imevunjika tena. Simu nayo haikomi.

Yote kwa sababu ya gari. Tangu jirani wa duka la simu aniwekee tangazo mtandaoni, Kisumu nzima inaniuliza bei ya mwisho. Bei ya mwisho kabla ya salamu. Mmoja ameuliza kama nitakubali pikipiki kuukuu na mbuzi. Nimemkatia.

Ni Probox nyeupe. Iko mbele ya duka langu hapa Kondele tangu Aprili, wakwe zangu wa Usenge walipoileta pamoja na ng'ombe wa mahari ya binti yangu Akinyi. Sijui kuendesha. Baba Akinyi angejua, lakini amelala kaburini. Gari linanizibia mlango tu, na kuku wa jirani wamelifanya nyumba yao. Nataka mashine ya kutarizi. Kuna mama anafunga karakana yake, ameniwekea yake mpaka mwisho wa mwezi. Nikiipata, nembo za sare nitashona mwenyewe. Sasa nazipeleka mjini, zinacheleweshwa, na Januari ninayetukanwa na wazazi ni mimi.

Jumatano, 6 Novemba

Mnunuzi wa maana, angalau kwa sura. Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, anasambaza mikate madukani. Amelizunguka gari, ameliwasha, amelala chini yake na shati safi. Nikaanza kumpenda.

Halafu akapiga picha ya namba na ya kitabu cha gari. Atakwenda kulichunguza mtandaoni kwanza: rekodi za serikali, matangazo ya zamani, kila kitu. Nikamwambia hili ni gari la mahari, halikuokotwa barabarani. Akajibu kwa upole ambao umeniudhi zaidi, "Mama, hata ingekuwa ya pasta, mimi lazima niangalie."

Mimi nichunguzwe. Mimi niliyevalisha nusu ya watoto wa Kondele. Nimekasirika mpaka nimeshona mkono wa shati upande usio wake. Nimeufumua. Nimeushona tena vibaya.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeaibishwa leo.

Wekesa amerudi na simu yake. Ndani yake tangazo la miaka miwili iliyopita. Namba ya gari ni ile ile. Lakini gari lenyewe limebondeka mbele, usukani umekalia kiti, paa limekunjika. Linauzwa kama chuma chakavu. Tena rekodi ya ukaguzi ya mwaka huo ina kilomita nyingi kuliko zinazosomeka leo kwenye dashibodi. Gari la ajabu hilo, linatembea kurudi nyuma.

Dukani walikuwapo wazazi wawili, watoto wao wakipimwa. Wekesa hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mama, wewe ni mtu mzima. Ungeniambia tu ukweli." Akaenda zake.

Wale wazazi wakaanza kuangalia tepu yangu kana kwamba nayo ni ya uongo.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemwita fundi wa gari wa ng'ambo ya barabara. Ameng'oa zulia la ndani, akakwangua rangi chini ya viti vya mbele. Nilipomsukuma aseme, akasema: "Hii ni gari mbili, mama. Mbele ni ya moja, nyuma ni ya ingine. Wamekata wakachomelea. Ikigongwa tu kidogo, inaachana."

Nimepitisha kidole. Mstari umezunguka gari lote, umefichwa kwa rangi nene. Ule ni mshono wa mtu anayekimbia. Sare yenye mshono kama huo ningeirarua mbele ya mwenyewe.

Akinyi alikalia kiti cha nyuma cha kitu hiki siku ya harusi yake, akapelekwa kanisani, akicheka.

Na sisi tulifanya nini? Ng'ombe walipofika nyumbani kwetu Pap Onditi, shemeji zangu waliwafungua midomo mmoja mmoja. Wakawabonyeza viwele. Mmoja alikuwa anachechemea, wakamkataa pale pale, mchana kweupe, bila haya. Gari lilipoingia na utepe mwekundu mbele, tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote. Hakuna aliyefungua hata boneti. Wanaume wazima walipanga foleni kupigwa picha nalo.

Nawachukia wote leo. Na vigelegele vyangu.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani nimekaa tu. Sikusikia neno.

Mkwe hapigiwi simu kugombezwa. Kwetu, jambo lolote kati yangu na baba mkwe wa Akinyi hupitia kwa jagam, yule mshenga aliyeunganisha nyumba zetu mbili. Jagam wetu ni Okelo, binamu wa marehemu mume wangu. Kwa hiyo nimempigia Okelo baada ya ibada. Nimemwambia jambo moja tu: mnunuzi amelikataa gari kwa sababu ya historia yake mtandaoni. Basi.

Amenitaka nipunguze hasira. Ndoa bado changa, nisiwaaibishe wakwe. Nifute tangazo, niweke lingine lenye picha mpya, nimtafute mtu wa mbali. Nilikuwa nakaribia kumshukuru. Ndipo akaongeza, "Na pale katikati usiogope. Hiyo haiwezi kuachana, fundi alinihakikishia."

Sikuwa nimetaja katikati. Sikuwa nimetaja kuachana.

Nimekata simu.

Jumanne, 12 Novemba

Amepiga mtu wa Bondo. Hataki kuona rekodi, hataki fundi, hataki chochote. Analipa bei yote leo, anakuja na dereva wake. Nimemuuliza gari ni la kazi gani. Abiria. Bondo hadi Usenge, kutwa mara kadhaa.

Niandike ukweli, hakuna mwingine anayesoma hapa. Nilitaka. Mashine ya kutarizi ilisimama mbele ya macho yangu, taa yake inawaka. Kisha nikamwona Akinyi na tumbo lake, anakwenda kliniki Bondo, amebanwa kwenye kiti cha nyuma, kiti kile kile.

Nimemwambia limeshauzwa. Nimemfokea na kumfokea, maskini, na hajanikosea lolote.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda Usenge. Bila kualikwa, bila kutanguliza mtu, bila mshenga. Mama yangu angefufuka akanichapa.

Akinyi aliponiona langoni alishika kichwa. Baba Ochieng, baba mkwe wake, alikuwa ametandaza nyavu uani anazishona. Alisimama upesi, hakujua aniangalie wapi. Nikakataa kiti. Nikakataa maji. Nikasema niliyokwenda kusema, yote, tena kwa sauti yangu kali ya Kondele. Kwamba wametuletea magari mawili mabovu na kuyaita moja. Kwamba binti yangu si wa kupakiwa kwenye chuma chakavu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mama Akinyi, hiyo gari si wewe ulichagua?"

Nilidhani ananidhihaki. Kumbe hapana. Okelo aliwaambia kwamba mama wa msichana anadai gari, bila gari hakuna harusi. Wakauza boti yao moja. Wakampa Okelo pesa anunue Kisumu, kwa sababu alisema ninalo nililolipenda tayari. Nami, Okelo aliniambia wakwe wenyewe wameamua kunipa gari, kwa heshima, na nikikataa nitawavunja moyo.

Sikudai gari maishani mwangu. Nilitaka ng'ombe na amani.

Kumbe tangu Aprili watu hawa wananiona mroho. Na mimi nikijifungia Kondele kwa adabu, sipigi simu. Adabu yetu ndiyo iliyompa Okelo nafasi. Kila neno lilipita kinywani mwake, na alilitafuna kwanza.

Baba Ochieng alikaa juu ya nyavu zake. Nami nikakaa. Nikaomba maji.

Jumamosi, 16 Novemba

Okelo amekuja dukani akiwa amevaa koti la harusini. Nilimpigia Baba Ochieng papo hapo, nikaweka simu kwenye spika juu ya cherehani. Mkwe na mkwe, moja kwa moja, yeye akiwa katikati bila kazi.

Akasema pesa iliyobaki baada ya kununua gari la bei ya chini ilikuwa ya usumbufu wake. Usumbufu. Akasema gari liliendeshwa vizuri tu mpaka nilipoanza mambo ya mitandao. Nimemwambia angeweza kumuua Akinyi, mtoto aliyemshika mkono siku ya ubatizo. Akatazama sakafu. Hakuomba msamaha, na sikumsubiri. Nimemwonyesha mlango. Wazee wa Pap Onditi watamwita, aende akawaeleze huo usumbufu.

Nina hasira iliyonikaa mifupani. Sitaki ipoe.

Jumapili, 17 Novemba

Nimempigia Wekesa. Nimemwambia alikuwa sahihi, na kwamba mimi nami nilidanganywa. Akasema pole mama. Akasema yeye aliwahi kununua moja kama hilo, na mdogo wake bado anatembelea magongo.

Nimemwomba anisalimie huyo mdogo wake.

Jumatano, 20 Novemba

Tangazo jipya, maneno yangu mwenyewe: Gari hili ni magari mawili yaliyounganishwa. Haliuzwi kuendeshwa. Linauzwa vipande.

Simu zimepungua. Injini imechukuliwa, magurudumu yamechukuliwa, Wekesa amekuja kuchukua milango ya nyuma. Bodi fundi ameikata pale pale kwenye mshono, nikisimamia. Haikumsumbua. Niliwaza tu jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mama wa mashine ya kutarizi amepata mteja mwingine. Amenipigia mwenyewe kuniambia. Nimelia chooni, nimenawa uso, nimerudi kwenye kola.

Jumamosi, 30 Novemba

Pap Onditi. Mvua ya asubuhi, kisha jua.

Baba Ochieng amekuja na ng'ombe mtamba mmoja. Sikumwomba. Alinipigia juzi, yeye mwenyewe, akauliza kama nitakuwa nyumbani. Amesema boti haitarudi na gari halitarudi, lakini mahari ya Akinyi haitabaki na shimo. Akinyi amekuja naye, miguu imemvimba, anakula kila kitu.

Shemeji zangu wakasogea kumkagua mnyama. Baba Ochieng akawazuia kwa mkono. Akanipa kamba. "Mama Akinyi, angalia mwenyewe."

Wanaume wakatazamana. Nikakunja mikono ya gauni. Sijui sana meno ya ng'ombe, lakini nilimfungua mdomo, nikaangalia upande huu na upande ule, bila haraka. Nikamtembeza uani, kwenda na kurudi. Nikampapasa mgongo wote, toka shingoni mpaka mkiani.

Yuko sawa. Nimemfunga karibu na jikoni.

Kesho narudi Kondele. Kola bado.