Jagi Lilivunjwa na Paka

Jumatatu, 4 Machi
Bomba kavu, siku ya tisa! Nimeingia kwenye tovuti ya mamlaka ya maji kutafuta uongo wao mpya wa kuuanika gazetini. Jirani yangu, fundi kompyuta, kanifumbua macho: kabla ukurasa haujafunguka, seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, hutanguliza mistari isiyoonekana — vichwa, anaviita. Kanichapia skripti, programu fupi ya mistari minne, ya kuvisoma. Eti ni lazima ijitambulishe kwa seva kila inapoingia. Nikaweka jina la safu yangu gazetini, Kalamu Kali. Wajue nani anawachungulia!

Jumanne, 5 Machi
Tarehe, aina ya seva, upuuzi — kisha hiki: "Umekuja na kiu? Pole, hata huku pakavu."
Wanatucheka? Au wanajicheka? Sielewi. Nimeandika makala kwa pumzi moja: aliyeweka mzaha huo asakwe, afukuzwe! Mhariri kafurahi. Inatoka Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi
Kichwa cha seva kimebadilika. "Kalamu Kali, punguza chumvi. Maji ya kushushia hayapo."
Nimecheka. Kisha nimekasirika kwa kucheka. Huyu ni adui au mwenzangu?

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi: "Jagi lilivunjwa na paka. Soma utetezi, kurasa mbili."
Nikakaa kitako. Nilikuwa na miaka kumi. Jagi la mama nililivunja mimi, nikamwandikia mama kurasa mbili za kumshtaki paka. Aliyeniona ni dada yangu mdogo tu. Hakunisema.
Mdogo wangu! Najua kazi yake ni kompyuta. Kwa mwajiri gani, sikuuliza. Hatusemezani mwaka wa nne huu, tangu nilipomwanika gazetini kwa ugomvi wa mirathi. Ananichokoza? Ananiita? Na mimi nimedai afukuzwe!

Saa tisa na nusu. Mhariri yuko kwenye simu. Nimemwambia aiondoe makala, isichapwe. Kaangua kicheko: Kalamu Kali kurudi nyuma? Ukurasa unafungwa saa kumi, nimpe sababu. Nikimtaja dada, nimemchoma mwenyewe. Nikisema nilikosea — miaka ishirini sijalitamka neno hilo.
Simu sikioni, mkono mmoja umeendesha skripti. Kichwa kipya:
"Kaka, safari hii utamsingizia nani?"
Mhariri: "Mzee, upo?"