Kilio cha Mtoto Aliye Hai

Nyumba ya Msituni,
Eschenbruck,
9 Oktoba 1908.

Mpendwa Dada Walburga,

Pokea salamu nyingi za huku nyumbani. U hali gani huko Milwaukee? Na shemeji Otto, kile kifua chake kimepoa? Sisi hatujambo, ila Baba anachechemea, na ukimwambia apumzike anakujibu kuwa kupumzika ni kazi ya maiti.

Dada, moyo wangu hautulii. Juzi alikuja fundi cherehani wa ikulu kunipima nguo nyeusi. Nikamuuliza nani amefariki.

"Bado hajafa mtu, mama. Mimi nimeambiwa nipime, napima."

Kumbe anayeandaliwa kilio ni Poldi, mwana wa Mfalme ninayemlea huku kwa sababu ya kifafa chake. Ana miaka tisa, na Malkia mama yake hajawahi kukanyaga hapa. Wakati fundi ananipima, marehemu mwenyewe alikuwa mezani anamaliza maandazi yangu ya plamu.

Bwana Trautsch, msimamizi wa ikulu, alinieleza bila kupepesa macho. Binti mkubwa wa Mfalme anaposwa, na wakwe wanachunguza damu ya ukoo. Basi itatangazwa kuwa Poldi amekufa kwa homa, kisha apelekwe nyumba ya wendawazimu kwa jina jingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawa kilio ndicho wanachofichia.

Nililia, nikamtukana, nikapiga magoti. Mwishowe akakubali nikae na mtoto kwa Baba, mradi apatikane mama wa kuandika barua kuwa mtoto huyu ni wake, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 mwezi ujao. Mimi siwezi, kila mtu anajua sijazaa. Wewe uliondoka mwaka ule aliozaliwa, na ulikuwa hujaolewa.

Najua ninachokuomba. Watasema ulikimbilia Amerika kuficha aibu, na midomo ya huku unaijua. Zungumza na shemeji kwanza, asije akayasikia kwa watu. Lakini nakusihi usikawie. Naogopa sana, dada. Nguo imeshashonwa, inaning'inia nyuma ya mlango.

Nisalimie Otto na Shangazi Notburga. Baba anakuombea kila Jumapili.

Poldi naye anakusalimu. Nilimwambia huenda akapata mama Amerika. Hata hakuuliza Amerika ni wapi. Aliniuliza tu, "Yaya, huyo atakuja kuniona?"

Nijibie wewe, dada. Mungu akupe moyo, na akulinde na wako wote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kreszenz