Simbilisi Aliyeletwa kwa Ajili Yangu

Ifakara, Jumatano, masika ya 1996

Mvua imekatika mchana lakini jua halijatoka, na joto limeng'ang'ania ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya cherehani, maana nikikaa mgongo unanikata. Mimba imeingia mwezi wa nane.

Simbilisi amekula leo.

Kwa nyumba nyingine hilo si jambo la kuandika. Kwetu Uchindile simbilisi, vinyama hivi vya manyoya visivyo na mkia, ni mboga. Nimekua nikiwala na ugali, na hata leo mtu akiniwekea mezani sikatai. Lakini mimi nimeolewa Ifakara, na hapa kwa mama mkwe wangu nimekuta mambo mengine kabisa.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika mwaka juzi, ikiwa imeshakuwa kubwa. Hii ya sasa ilipoonekana, Mama alipanda kwao Mahenge bila kumuaga mtu, akarudi na kikapu. Ndani alikuwemo simbilisi dume, mwekundu, ana baka jeupe shingoni. Akamweka jikoni chini ya kichanja cha vyombo, akaniambia, "Huyu ni wako, mwanangu. Kitu chochote kikija kukutafuta, kitamkuta yeye kwanza." Nilicheka moyoni. Mimi ni mwalimu, nafundisha sayansi darasa la sita. Nilisema asante Mama, nikaendelea na kazi zangu.

Hatukumpa jina. Mama alikataa, akasema aliyeletwa kwa kazi hapewi jina.

Jumapili akaacha kula. Nilimkuta amejikunyata ukutani, manyoya yamesimama, udenda umelowesha kidevu chote. Nikamwekea majani mabichi niliyokata kando ya majaruba ya mpunga, akayanusa akayaacha. Nikajaribu maganda ya ndizi, akanigeuzia mgongo. Mama alipokuja kumwona hakusikitika hata kidogo. Alivuta kigoda, akamtazama kwa muda, akasema, "Ameshaanza kupokea. Tumwache amalize." Jioni ile alipepeta mchele huku anaimba, na sikuwa nimemsikia akiimba tangu mimba ile iharibike.

Wimbo ule ulinikera. Halafu ukanitia hofu, maana nilianza kujiuliza ni kitu gani hicho kinachopokelewa, na kimefika lini humu ndani.

Mume wangu Otmari yuko ng'ambo ya mto, anaamia ndege juu ya dungu wasile mpunga mpaka ukomae. Angekuwepo angetuchekesha wote wawili. Nikabaki na Mama, mvua, na mnyama anayekonda.

Nilikwenda kwa bwana mifugo. Alicheka mpaka akafuta machozi, akaniuliza mafuta ya kumkaangia yamenishinda bei au vipi. Nikaondoka nimenuna. Njiani nikanunua bomba la sindano duka la dawa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimlisha kwa kuiba. Mama akienda kuchota maji, namfunga simbilisi kwenye kitenge kama mtoto mchanga na kumdondoshea uji mwepesi pembeni ya mdomo. Mwingi ulimwagika. Nilisikia mbavu zake kwenye vidole vyangu, na moyo wake ukienda mbio.

Kwa nini nilifanya hivyo? Sijui kama nina jibu moja. Nilimhurumia, hilo ni kweli. Nilichoka pia kuishi kwenye nyumba ambayo kiumbe kinakufa polepole na mtu anashukuru kwa niaba yangu. Na nilitaka kumwonyesha Mama kwamba huu ni ugonjwa tu, kama magonjwa mengine.

Leo Mama alikwenda kusali Jumuiya, nyumba ya tatu kutoka hapa. Nikapata nafasi. Nikambeba simbilisi mpaka mlangoni penye mwanga, nikamfungua mdomo kwa mpini wa kijiko. Na sababu nikaiona. Kapi la mpunga lilikuwa limejichoma kwenye ufizi, pamevimba, pana usaha. Nikalitoa kwa kucha, nikamsafisha kwa maji ya chumvi. Alilia kidogo tu. Baada ya muda akasogelea majani, akang'ata kwa woga, akang'ata tena, halafu akala kama anayegombana nayo.

Nikacheka peke yangu jikoni. Nikajisemea, haya Mama, kitu chako ndicho hiki, kapi la mpunga.

Nikakaa chini nipumzike. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtoto hajacheza.

Kwa kawaida huanza nikinywa chai ya asubuhi, tena kwa fujo, mpaka kikombe kikiwa juu ya tumbo kinatikisika. Leo asubuhi akili yangu yote ilikuwa kwa simbilisi, wala sikumsikiliza mtoto. Nikafanya kama nesi wa kliniki alivyotufundisha: nikanywa maji ya sukari, nikalala ubavu wa kushoto, nikatulia. Nikamgusa. Nikamwita, ingawa naye hana jina bado. Tumbo lilikaa tu, zito, limelalia upande mmoja.

Mimi ni mwalimu. Najua kapi ni kapi. Najua mtoto naye hulala. Najua pia kwamba mwaka juzi ilianza hivi hivi, kwa ukimya, mchana, nikiwa nafanya jambo lingine.

Mama alirudi akiwa bado na rozari mkononi. Hakuja kwangu, alipitia jikoni kwanza kama anavyofanya siku zote hizi. Nilimsikia akisimama. Kulikuwa na sauti moja tu mle ndani, ya majani yanayotafunwa. Akaja mlangoni pangu, nikamweleza yote: uji, sindano, kapi, na mtoto. Nilijiandaa kugombezwa. Ningefurahi kugombezwa.

"Hukuniuliza, mwanangu," alisema tu.

Akavua kanga yake ya kusalia, akanifunga kiunoni, akakaza fundo mara mbili. Akatoka kwenda kwa jirani kumwomba aje na baiskeli anipakie mpaka hospitali.

Bado hajarudi. Nimeweka kanga mbili na kadi ya kliniki kwenye kikapu. Mkono wangu wa kushoto haujatoka tumboni tangu nianze kuandika, na kila nikimaliza mstari natulia kusikiliza. Kuna wakati nilidhani nimesikia kitu, kumbe ni mapigo yangu mwenyewe.

Simpi lawama Mama. Wala siamini mambo yale, naandika kwa wino ili nijisomee mwenyewe: siamini. Lakini nimepita jikoni kuchukua chupa ya maji, na yule mnyama alikuwa amemaliza majani yote, amenyoosha shingo ananitazama, anasubiri mengine. Yalikuwepo mengine kwenye beseni. Sikumpa.

Sasa nasikia baiskeli inasukumwa kwenye tope la uani, na Mama ananiita. Siku zote hizi nimemwomba Mungu simbilisi huyu ale. Mungu anisamehe, sasa hivi natamani aache tena.