Mpishi Wangu Amevaa Gwanda

Jumatatu, 5 Mei 2025
Askari wa maghala wamekula nyama leo. Nyama! Mwaka wa nne huu nina hoteli yangu ya meza tano hapa mtaani Kisenyi, na Komakech, mmoja wao, hajawahi kuagiza zaidi ya kikomando – chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage. Leo kavua kofia, kasema: "Mama Wandera, lete ng'ombe." Kumbe kampuni yao ya ulinzi imepandisha kima cha chini cha mshahara. Kutoka laki mbili mpaka laki tatu na nusu. Nimewapongeza mbele ya wateja wote. Nikasema mfanyakazi lazima alipwe vizuri, na matajiri wabanwe mpaka watoe. Wakapiga makofi. Akullo, mpishi wangu, alikuwa mlangoni na mwiko. Hakupiga makofi. Alikuwa anasikiliza.

Jumatano, 7 Mei
Kilo saba za nyama, zimeisha kabla ya saa nane. Kesho kumi. Redioni wachumi wanabishana toka asubuhi kama mishahara ya chini ikipanda ni faida au hasara. Waje hapa wahesabu sahani.

Ijumaa, 16 Mei
Akullo kafuta mikono, akaketi. Huwa haketi.
"Mama, ile maneno ulisema ya mfanyakazi. Mimi pia iko mfanyakazi."
Nikamwambia nilikuwa nasema matajiri. Akanitazama, kisha akatazama friji mpya niliyonunua juzi kwa faida ya nyama. Nampa laki na sabini, na chakula. Nikamkumbusha kwamba chakula nacho ni mshahara. Akasema, hiyo chakula si anapika yeye? Nikaahidi kufikiria. Nimefikiria mpaka jioni hii. Kila nikifikiria inazidi kuwa ghali.

Jumatatu, 26 Mei
Mwenye nyumba wa Komakech amesikia habari za mshahara. Kodi imepanda. Komakech karudi kwenye kikomando, ila anaomba kipande kimoja cha nyama juu yake. Cha heshima, anasema.

Jumamosi, 31 Mei
Akullo ameaga. Anakwenda kuwa askari, kampuni ile ile. Wanatafuta wanawake wa kukagua mikoba benki. Akullo, ambaye akiona panya anapanda juu ya meza. Nikamuuliza nani atamlinda nani. "Panya haiwezi kuja benki, Mama." Hakuwa anatania. Akakunja aproni, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja. Nilifungua friji nikajifanya natafuta kitu. Sikutaka aone macho yangu.

Jumatano, 4 Juni
Napika mwenyewe. Wali umeungua chini, juu mbichi. Komakech kala vijiko viwili, halafu kauliza hii nyama ni ya mnyama gani. Ng'ombe, nikamwambia. Akasema pole. Nadhani alikuwa anamwambia ng'ombe.

Jumanne, 10 Juni
Watatu wamekuja kuomba kazi ya jikoni. Wote wametaja laki tatu na nusu, hata yule asiyejua kusonga posho, ugali wa kawaida. Na Oyat, mwenzake Komakech, amepunguzwa kazi. Lango lake limewekewa kamera. Kampuni inasema fedha za mishahara mipya hazitoshi watu wote. Alikunywa chai tu, hakugusa chapati. Nilimfungia mbili kwenye gazeti, za watoto. Alizichukua bila kunitazama.
Kisha nikawauliza wateja: sahani ikipanda shilingi mia tano, Akullo akarudi, mtakuja? Komakech akasema kwa Akullo hata elfu moja. Kwa mapishi yangu, nipunguze.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekuja Nakasero, benki anakolinda Akullo. Gwanda la buluu, buti, kifaa cha kukagulia mkononi. Watu kumi nyuma yangu.
"Fungua mkoba, nyabo." Nyabo, yaani bibi – kama mteja yeyote.
"Akullo, ni mimi."
"Naona. Fungua."
Akakuta bakuli la mchuzi niliopika asubuhi. Akafunua, akanusa. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeonyeshwa mgonjwa. Nikamwambia laki tatu. Akasema kampuni inatoa zaidi, na Jumapili anapumzika. Laki tatu na nusu, nikasema. Na Jumapili? akauliza. Jumapili ndiyo siku yangu kubwa. Mzee mmoja nyuma yangu akaomba nimpe huyo askari Jumapili yake, watu waingie.
"Sawa," nikasema. "Na Jumapili."
Akullo kaniambia nisubiri saa saba, akipata mapumziko. Bakuli akabaki nalo. Eti lazima likaguliwe.
Sasa ni saa sita na nusu. Nimekaa kwenye ngazi za benki, naandika hapa hapa. Wateja wa Kisenyi wanakuta mlango umefungwa. Napiga hesabu ya mshahara wake na sijui nitautoa wapi, labda kwenye ile mia tano. Namwona kupitia kioo. Amechovya kidole, ameonja mchuzi. Amefumba macho. Sasa amefunika bakuli, anamwendea mkubwa wake – sijui ni kuaga kazi au ni kunishtaki kwa mchuzi huu –