Kwa Nini Siendeshi Gari Ulilonipa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi na watoto wote. Natumaini barua hii itakukuta umerudi safari, umeoga, umekula, na ule mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku tunaendelea. Mimi kazini naenda kama kawaida, na mpwa wako Kishindo hajambo, anakula na anakua. Bado anatembea kama anayepigilia misumari sakafuni, na jina ulilompa linazidi kumkaa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nilipiga simu mara tatu. Mara zote ulikuwa barabarani, nikasikia injini ikinguruma nyuma ya sauti yako, nikaishia kuuliza habari za wifi. Ninayotaka kukuambia si ya kumwambia mtu aliyeshika usukani. Nimempa barua mwenzangu wa karakana anayepita huko kwenu, aikabidhi mkononi mwa wifi. Isome ukiwa umekaa.

Mara ya mwisho uliniuliza, kwa upole ingawa nilisikia umeudhika, lile gari ulilonitafutia linafanya nini pale nje ikiwa mimi na mtoto bado tunahangaika na mabasi. Una haki ya kuuliza. Limekaa chini ya turubai huu mwaka wa pili, paka wa jirani amezalia uvunguni mwake, na majirani wananitania kwamba nimeolewa nalo.

Acha kwanza nikueleze siku zetu zilivyo. Tunaamka kabla jua halijatoka. Kumvalisha mtoto wa miaka miwili na nusu ni mieleka. Ukimaliza kiatu cha kulia, cha kushoto kishavuliwa. Bega moja nabeba mkoba wangu, bega la pili mfuko wake wa nguo za akiba na maji, na mwenyewe hataki kubebwa. Anataka kushuka ngazi peke yake, moja moja, miguu yote miwili ikutane kwanza, huku akisalimia kila mlango. Ngazi zenyewe ni thelathini na mbili. Kile kigari cha kusukuma tulichopewa na wifi niliacha kukitumia mapema. Kondakta wa kwanza alikataa kukipakia, wa pili alikipakia akasahau kukishusha. Tulikifuata mpaka mwisho wa njia, tukarudishiwa kikiwa na magurudumu matatu.

Kwenye basi nampakata dirishani. Hapo ndipo alipojifunza kusema "twende" na "shusha", maneno mawili anayoyatumia hata akiwa kwenye beseni la kuogea. Siku moja alitupa kiatu nje, akakipungia mkono kukiaga. Abiria walicheka, nami nikacheka, halafu nikambeba njia nzima iliyobaki kwa sababu ya mguu ule mtupu. Tukishuka kuna kivuko, kuna vibanda vya nguo, kuna kona ya benki, ndipo tunafika kwa mlezi. Zamani aliweza kukaa chini katikati ya kivuko akichunguza sisimizi, magari yamesimama pande zote yakipiga honi, nami namzoa kama gunia huku naomba radhi kwa madereva. Nikishamwacha natembea robo saa mpaka karakana, nashona sare za shule hadi jioni, kisha tunaanza upya kurudi. Jioni analala begani, na mtoto aliyelala, sijui kwa nini, huwa mzito mara mbili.

Sasa kuhusu gari. Nilikuambia niliacha mafunzo ya udereva kwa sababu mwalimu alikuwa mkali. Nilimsingizia. Yule alikuwa mzee mpole, hakunipandishia sauti hata siku moja. Siku ya nne niliangusha koni zote za upande wa kushoto. Siku ya tano nusura nimgonge mtu aliyekuwa akikokota baiskeli kando yangu, mwalimu akawahi kukanyaga breki ya upande wake. Alizima injini, akaniambia kwamba sina woga na mikono yangu ni mizuri, ila nisirudi kwake kabla sijapimwa macho.

Sikurudi kwake, na kupimwa sikwenda. Nilijiambia naona vizuri, tena nilikuwa na ushahidi. Karakana nzima, anayeshindwa kutunga uzi analeta sindano kwangu. Tundu la sindano naliona. Nisichokiona ni stuli iliyo mguuni pangu, mlango wa kabati ulioachwa wazi, mtu anayetokea ubavuni. Wenzangu wakanipachika jina la Mgongameza, nikacheka nao. Giza likianza kuingia natembea bega langu likigusa ukuta. Nikasema ni uchovu.

Nilikuambia pia kwamba mtoto alivunjika mkono kwa kuanguka kitandani. Hilo nalo si kweli. Tulikuwa tunatoka kwa mlezi, nimembeba. Mafundi wa mabomba walikuwa wamechimba shimo kando ya njia na kulizungushia utepe mwekundu na mweupe. Kila mtu aliuona ule utepe. Mimi niliupita katikati. Nilimwangukia mwanangu, kaka. Nilisikia mkono wake kabla sijamsikia akilia. Hospitalini muuguzi aliniuliza kama nilikuwa naangalia simu, nikaitikia ndiyo, maana aibu hiyo ilikuwa nyepesi kuliko ile nyingine.

Mkono umeunga vizuri, usiwe na wasiwasi. Lakini tangu siku ile mtoto hakai tena chini katikati ya kivuko. Ananitazama mimi. Tukifika ukingo wa barabara anavuta kidole changu, anasimama, anasema, "Mama, shimo." Penye ngazi, shimo. Penye kivuli cha nguzo, shimo. Watu wanamsifu. Mwanamke mmoja kituoni alisema mtoto huyu ana akili, tazameni anavyomwongoza mama yake. Siku hiyo nilijifungia chooni kule karakana nikalia mpaka msimamizi akaja kugonga mlango.

Baba alipopoteza macho wewe ulikuwa umeshakwenda kujifunza kazi, ukirudi mara moja moja na zawadi. Niliyemshika mkono ni mimi, tangu nina miaka saba. Wenzangu wakicheza, mimi nilikuwa nasema inua mguu, kuna maji, geukia huku. Nilimpenda baba, na nilichoka naye, yote mawili kwa wakati mmoja. Kuna siku tulifika kwenye mfereji nikanyamaza makusudi. Nilitaka tu kujua ingekuwaje. Alianguka, akatoka magoti yamechubuka, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunipapasa usoni ahakikishe kwamba mimi sikuumia. Sijamwambia mtu mpaka leo. Nikimwangalia Kishindo akinishika kidole, najua kitakachomfika. Sitaki achoke nami kabla hajafika darasa la kwanza.

Ndipo nikaenda kupimwa. Daktari wa macho, mama wa makamo, aliniweka mbele ya mashine, akanipa kitufe nibonyeze kila nikiona taa ndogo. Nilibonyeza mara chache nikadhani mashine ni mbovu. Haikuwa mbovu. Aliniambia macho yangu yanafunga kutoka pembeni kuja katikati, ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Dawa ya kurudisha kilichokwenda hakuna. Akauliza habari za wazazi. Nilimweleza kwamba baba alipofuka kwa sababu ya moto wa kuchomelea vyuma, kama sote tulivyoambiwa. Alitikisa kichwa. Alisema moto haupofushi kwa namna hiyo. Huu ni ugonjwa wa kurithi, unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, mwingine unampata na mwingine unamruka, kwa mmoja unawahi na kwa mwenzake unachelewa. Kishindo naye itabidi apimwe akikua kidogo.

Kisha akaniuliza, "Una ndugu?"

Nikamwambia, "Nina kaka mmoja. Yeye ndiye mkubwa."

"Anafanya kazi gani?"

"Dereva wa lori."

Aliweka kalamu chini. "Aje wiki hii," akasema. "Na asije akiendesha."

Hilo ndilo jambo lenyewe, kaka. Na wiki hiyo ilishapita. Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu niambiwe, na kila siku kati ya hizo umekuwa barabarani nami nimenyamaza. Kila simu ikiita nimeogopa kuipokea. Nilijipa sababu nyingi: kwamba lori ndilo linalowasomesha watoto, kwamba wifi ana presha, kwamba huenda ugonjwa umekuruka. Ukweli ni kwamba nilitaka abaki mtu mmoja katika familia yetu ambaye ni mzima. Nilitaka awe wewe, maana nikishindwa kabisa, mimi na mtoto tungekuegemea nani? Kwa ajili ya hilo nikakuacha uendeshe. Naomba unisamehe, na kama huwezi sasa hivi, nitaelewa.

Sijui kama unao. Ila ulipokuja mara ya mwisho ulimkanyaga mtoto mara mbili, ukasema ni mfupi mno haonekani. Magharibi, mlipokuwa mnaondoka na lori, ulimwachia utingo usukani, ukasema taa za magari yanayokuja zinakuchosha. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wewe, na nilikuwa najua kwa nini: nilijiona mimi mwenyewe.

Nimekuwekea miadi kwa daktari huyo Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini siku nzima. Lori liache, mwambie tajiri wako unaumwa; si uongo kamili. Panda basi la asubuhi Jumatano, kaa siti ya mbele, na ukifika usivuke barabara, tungoje hapohapo kituoni. Hilo gari tutaliuza, litamfaa mtu mwingine. Mimi nimeanza kujifunza kutumia fimbo kila Jumamosi kwa mwalimu aliyenielekeza daktari, na mtoto namwacha kwa mlezi saa hizo ili asione kwamba kazi hiyo ni yake.

Ikiwa macho yako ni mazima, nitukane utakavyo, nitapokea. Ikiwa si mazima, usinifanyie ukaka. Wewe umezoea kunyamaza ili sisi tusiogope, na mimi nimejaribu kunyamaza siku ishirini na mbili tu, nimeona kunavyomla mtu. Uje uogope hapa kwangu. Chumba kipo.

Msalimie sana wifi, mwambie asikukasirikie kwa ajili yangu. Watoto wabusu mmoja mmoja. Kishindo anasema "twende", nadhani hiyo ndiyo salamu yake kwako.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na aliyekukosea,

Mama Kishindo